Kabla ya kununua pistoni, pima tapeti na taimingi

MCHUUZI wa maziwa anayetoka kijijini kabla jua halijachomoza hana muda wa kuibembeleza injini. Madumu yamekwisha kufungwa ubavuni, wafugaji wamekamua, na kituo cha kupokea maziwa hakimsubiri mtu. Anapiga kiki mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Injini inakohoa, inapiga chafya kupitia kabureta, kisha kimya. Ikiwaka inakwenda vizuri hadi kwenye mlima wa kwanza, ambako inaishiwa pumzi kama mzee aliyebebeshwa gunia. Akisimama kwa mfugaji na kuizima, haiwaki tena mpaka ipoe.

Wamiliki wengi wa pikipiki za zamani wanaifahamu hali hiyo, na wanafahamu pia kinachofuata. Fundi wa kwanza atasema ni ringi. Wa pili atasema ni pistoni na ringi zake, na bloku ichongwe. Wa tatu ataleta kabureta mpya. Mara nyingi mwenye pikipiki hununua vyote vitatu na tatizo hubaki pale pale, kwa sababu katika mafundi wote watatu hakuna aliyepima kitu.

Hasara yake si ya spea peke yake. Tuseme mchuuzi hubeba lita 60 kwa siku na hubakiwa na Sh200 kwa kila lita. Pikipiki ikilala gereji siku tano, amekosa Sh60,000 kabla hajalipa hata nati moja. Aidha, maziwa mabichi yasiyopoozwa hayavumilii kusubiri. Yakichelewa saa chache katika joto la mchana, kituo huyakataa na hasara humrudia mfugaji.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo ya namna hii huangukia katika mafungu mawili: mgandamizo wa injini, ambao mafundi huuita kompresheni, na taimingi, yaani wakati ambao cheche inatoka na valvu zinafunguka. Magonjwa haya mawili yana dalili zinazofanana sana, lakini dawa zake ni tofauti kabisa na bei zake hazikaribiani.

Injini iliyozaa nyingine

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Honda CG125. Pikipiki hii iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1970 ikiwa imebuniwa kwa ajili ya nchi ambazo barabara zake ni za vumbi, mizigo ni mizito na mwenye pikipiki huenda asimwone fundi kwa miezi mingi. Ilianza kuundwa katika kiwanda cha Honda mjini Manaus, Brazil, mwaka 1976, na huko Pakistan bado inaundwa kwa umbo ambalo halijabadilika sana.

Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56.5 na pistoni husafiri milimita 49.5, jumla cc 124. Valvu zake ni mbili. Zinasukumwa na fimbo mbili ndefu zinazopokea mwendo kutoka kwenye kemu moja iliyo chini, na kemu hiyo huzungushwa kwa gia badala ya cheni. Wabunifu walifanya hivyo kwa makusudi, kwani cheni hulegea na huhitaji kukazwa, wakati gia huachwa ikafanya kazi yake.

Viwanda vya China viliinakili injini hiyo kwa wingi. Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na cc 150 zilizojaa Afrika Mashariki katika miaka ya 2000, hasa baada ya Kenya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, zina injini ya ukoo huo. Kwa hiyo anayeielewa CG moja ya zamani anaelewa nusu ya pikipiki zilizoegeshwa kijiweni. Nusu nyingine, zikiwamo Boxer za Bajaj, zina kemu juu kwenye hedi inayozungushwa kwa cheni, na tofauti hiyo ina umuhimu wake kama itakavyoonekana.

Kazi ya injini yenyewe si ngumu kuielewa. Pistoni inashuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli kupitia valvu ya kuingiza. Inapanda na kuigandamiza hadi kufikia takriban sehemu moja ya tisa ya ujazo wake wa mwanzo, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa. Cheche inatoka muda mfupi kabla pistoni haijafika juu, mchanganyiko unaungua na pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Inapanda tena na kutoa moshi kupitia valvu ya pili. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, milipuko hiyo hutokea mara 50 kwa sekunde moja. Kwa mwendo huo, valvu isiyofunga sawasawa au cheche iliyochelewa kidogo haisameheki.

Anza na visivyo na gharama

Kabla ya kugusa hedi kuna mambo ya dakika 20 ambayo mafundi wengi huyaruka. Petroli iwe safi na ishuke vizuri kutoka kwenye tangi. Kichujio cha hewa kisiwe kimeziba. Breki ya nyuma isiwe inashika gurudumu. Klachi isiwe inateleza. Injini inayopiga kelele nyingi huku pikipiki ikiongeza mwendo kidogo tu inaweza kuwa na nguvu zake zote, ila hazifiki kwenye gurudumu. Bomba la moshi nalo huziba kwa masizi, na pikipiki iliyokaa ghalani muda mrefu huweza kujengewa nyumba na nyigu ndani ya bomba hilo.

Kisha plagi. CG125 hutumia plagi ya nyuzi za milimita 12, kama vile NGK namba D8EA, na nafasi ya kurusha cheche ni kati ya milimita 0.6 na 0.7. Plagi huzungumza kwa rangi. Ikiwa ya kahawia iliyofifia, injini inaungua vizuri. Nyeusi na kavu kama masizi ya chungu, petroli ni nyingi kuliko hewa. Nyeusi na yenye utelezi wa oili, oili inapanda kutoka kwenye ringi au inashuka kutoka kwenye valvu. Nyeupe kama chokaa, injini inachemka kupita kiasi, ama kwa sababu hewa imezidi petroli au cheche inatoka mapema mno.

Moshi nao una habari zake. Moshi wa bluu unaozidi kila mafuta yanapoongezwa huelekeza kwenye ringi na silinda. Moshi wa bluu unaofumuka baada ya kuteremka mlima mrefu, pale dereva anaporudisha mkono kwenye mafuta, mara nyingi ni oili inayopenya kando ya miguu ya valvu. Hiyo si kazi ya pistoni, na anayeuziwa pistoni kwa dalili hiyo anaibiwa, hata kama fundi mwenyewe hana nia mbaya.

Tapeti inayonyamaza

Hapa ndipo penye makosa mengi zaidi, na ndipo panapostahili muda.

Kati ya fimbo inayosukuma na valvu yenyewe lazima iwepo nafasi ndogo. Kwa CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi. Ni unene wa karatasi ya kawaida, basi. Nafasi hiyo ndiyo inayoiwezesha valvu kufunga kabisa hata pale chuma kinapopata moto na kurefuka. Kwa sababu ya nafasi hiyo, injini ya namna hii ina mlio wake wa kugonga kidogo, tiki tiki tiki, ambao ni dalili ya afya.

Wenye pikipiki wengi hawaupendi mlio huo. Humwendea fundi wakilalamika kwamba injini ina kelele, naye kwa kutaka kumridhisha mteja hukaza tapeti mpaka kelele ziishe. Pikipiki inaondoka ikinguruma kwa upole na mteja analipa akitabasamu. Wiki chache baadaye inaanza kugoma kuwaka ikiwa moto. Kinachotokea ni kwamba valvu zimenyimwa nafasi. Injini ikiwa baridi zinafunga kwa shida, na ikipata moto zinabaki wazi kidogo, hewa inavuja na mgandamizo unapotea. Ikipoa, zinafunga tena na pikipiki inawaka kana kwamba haikuwa na tatizo.

Inayoumia zaidi ni valvu ya kutolea moshi. Kichwa cha valvu hiyo hufikia joto la zaidi ya nyuzi 600, na njia yake kuu ya kupoa ni kugusana na kiti chake kwenye hedi kila inapofunga. Isipofunga haipoi, na moto unaopita kwenye upenyo huo hula ukingo wake mpaka uwe na pengo. Ikifika hapo, kurekebisha tapeti hakusaidii tena. Ni valvu mpya na kusaga kiti chake.

Na hata bila fundi wa kukaza, nafasi hiyo hupungua yenyewe. Kadiri kiti cha valvu kinavyolika, valvu huzama taratibu ndani ya hedi na mguu wake hupanda juu. Ndiyo maana injini iliyokuwa na mlio wa tapeti kwa miaka na ghafla ikawa kimya inapaswa kumtia mwenyewe wasiwasi kuliko ile yenye kelele. Kelele ikizidi sana ni tatizo, kwani valvu zinafunguka kidogo kuliko inavyotakiwa na nguvu zinapungua, lakini tapeti iliyolegea kidogo haichomi valvu.

Kupima ni kazi ya nusu saa. Pikipiki ilale usiku mzima bila kuwashwa. Plagi itolewe ili injini izunguke kwa urahisi, kifuniko cha tapeti kifunguliwe, kisha injini izungushwe taratibu mpaka alama ya T iliyochorwa kwenye sumaku ikutane na alama iliyo kwenye bodi ya injini. Hapo pistoni iko juu kabisa. Lakini pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi, na inayotakiwa ni ile ambayo valvu zote zimefungwa. Ukizitikisa tapeti kwa vidole na zote mbili zikacheza kidogo, ni penyewe. Moja ikiwa imebana, zungusha injini duara moja kamili hadi T irudi.

Kipimo cha bapa cha milimita 0.08 kipite kwa kukwaruza kidogo. Kama seti iliyopo haina 0.08, ile ya 0.05 ipite kwa urahisi na ya 0.10 ikatae. Nati ya kufungia ikikazwa, pima tena, kwa sababu kuikaza mara nyingi huhamisha kipimo. Nakala za Kichina zinaweza kuwa na vipimo tofauti kidogo, hivyo kitabu cha pikipiki husika ndicho cha kufuatwa.

Geji, kijiko cha oili na pampu

Baada ya tapeti kuwa sawa ndipo mgandamizo upimwe. Kuupima kabla ya hapo ni kupoteza muda, kwani tapeti iliyobana hutoa jibu lile lile la ringi zilizokwisha.

Geji ya kompresheni hufungwa kwenye tundu la plagi. Injini iwe na joto la kawaida. Kofia ya plagi iwekwe na plagi yake igusishwe kwenye chuma cha injini, maana kuacha umeme wa plagi ukielea hewani kunaweza kuunguza koili au kisanduku cha CDI. Kisha mkono wa mafuta uvutwe mpaka mwisho na kiki ipigwe kwa nguvu mara tano hadi nane, mpaka mshale usimame. Sharti la mafuta husahauliwa sana. Kabureta ikiwa imefungwa hewa haingii ya kutosha, geji inasoma chini, na injini nzima inahukumiwa kifo bila kosa.

Injini ya ukubwa huu yenye afya kwa kawaida husoma vizuri juu ya paundi 100 kwa kila inchi ya mraba. Ikishuka chini ya hapo kuna mahali inavuja. Hata hivyo mahali unapopimia pana uzito wake. Mjini Mbeya, kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ina mkandamizo wa takriban asilimia 82 tu ya ule wa Dar es Salaam. Injini inayosoma 150 Kariakoo itasoma karibu na 123 ikifika Mbeya, bila ringi kulika hata kidogo. Fundi wa nyanda za juu anayelinganisha na namba za pwani ataua injini nyingi nzima.

Asiye na geji ana njia ya kizamani. Pikipiki ikiwa imezimwa, shusha kiki taratibu hadi igome, kisha simama juu yake kwa uzito wa mwili. Injini nzuri itakushikilia kwa muda na kukushusha polepole. Mbovu itakuangusha moja kwa moja.

Geji ikisoma chini, swali ni hewa inatokea wapi. Weka kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kupitia tundu la plagi, zungusha injini mara chache, kisha pima tena. Oili huziba kwa muda upenyo wa kando ya pistoni. Kipimo kikipanda sana, ringi au silinda ndizo zinazovuja. Kikibaki pale pale, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi ya hedi. Kijiko kisizidi kimoja. Oili ikijaa hupunguza nafasi ya juu ya pistoni na kupandisha kipimo kwa uongo.

Gereji yenye kompresa inaweza kwenda mbali zaidi. Pistoni ikiwa kwenye T, valvu zote zimefungwa, gia ya juu imeingizwa na breki ya nyuma imekanyagwa ili injini isizunguke, hewa huingizwa kupitia tundu la plagi na fundi husikiliza. Ikivuma kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutolea. Ikivuma kwenye kabureta, ni valvu ya kuingizia. Ikitokea kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Povu la sabuni likichemka kwenye maungio ya hedi, ni gasketi. Jibu hilo hupatikana bila kufungua nati hata moja ya hedi, na ni ajabu kwamba gereji nyingi zenye kompresa huitumia kujazia matairi tu.

Jambo moja hukosesha watu usingizi: mgandamizo unaweza kutoweka kabisa huku ringi, valvu na gasketi vyote vikiwa vizima. Fimbo inayosukuma valvu ya kuingiza ikipinda au kuchomoka mahali pake, valvu haifunguki. Injini haiwezi kugandamiza hewa ambayo haijaingia. Ndiyo maana kifuniko cha tapeti kinapofunguliwa ni vema kuzungusha injini na kuangalia kwa macho kama valvu zote mbili zinashuka na kupanda.

Cheche ikitoka saa isiyo yake

Mgandamizo ukiwa mzuri, petroli ipo na cheche ipo, lakini pikipiki bado inapiga chafya au kulipuka kwenye bomba, basi mtuhumiwa ni taimingi.

Cheche ikiwahi, kiki hurudisha mguu nyuma kwa nguvu inayoweza kuumiza, na injini hugonga kama mawe kwenye kopo inapopanda mlima. Ikichelewa, pikipiki haina nguvu, inakunywa petroli, hulipuka kwenye bomba la moshi na bomba lenyewe huiva karibu na hedi.

CG za mwanzo, za umeme wa volti 6, hutumia pointi. Nafasi yake ikiwa wazi kabisa ni kati ya milimita 0.3 na 0.4. Pointi zina kisigino kidogo kinachosuguana na kemu yake, na kisigino hicho hulika. Kinavyolika nafasi hupungua, na nafasi ikipungua pointi huchelewa kufunguka, hivyo cheche huchelewa. Ikiongezwa, cheche huwahi. Kwa hiyo pikipiki iliyoachwa bila kuguswa kwa miaka huelekea upande wa kuchelewa, taratibu mno kiasi kwamba mwenyewe hudhani ni uzee.

Alama ya kuangalia hapa ni F, iliyo karibu na T kwenye sumaku. Pointi zinapaswa kuanza kufunguka pale pale F inapokutana na alama ya bodi. Bila chombo chochote cha umeme, kipande cha karatasi nyembamba ya sigara hubanwa kati ya pointi na kuvutwa kidogo huku sumaku ikizungushwa kuelekea upande ambao magurudumu huzunguka yakienda mbele. Karatasi inapaswa kuachia kwenye F. Ikiachia kabla, cheche inawahi; baada yake, inachelewa. Nyuzi za karatasi zisibaki kwenye pointi. Na kama pointi zimeungua na kuchimbika baada ya muda mfupi tu tangu ziwekwe mpya, kondensa ibadilishwe, vinginevyo zitaungua na hizo nyingine.

Pikipiki za baadaye zina CDI na hazina cha kurekebisha. Wengi hudhani kwa hiyo taimingi yake haiwezi kuharibika. Inaweza. Sumaku hushikiliwa kwenye krankishafti kwa nati, na mahali pake huwekwa na kipande kidogo cha chuma ambacho mafundi hukiita ufunguo. Nati isipokazwa vizuri sumaku hucheza, ufunguo hukatika, na sumaku hugeuka nyuzi chache kutoka mahali pake. Cheche inabaki nene na ya bluu, geji inasoma vizuri, na pikipiki inakataa kuwaka au inawaka na kupiga mabomu. Ufunguo huo ni kati ya spea za bei ya chini kabisa katika pikipiki nzima. Watu wamebadilisha koili, CDI, plagi na kabureta kwa sababu yake.

Sumaku itolewe kwa chombo chake maalumu cha kuvutia. Fundi akichukua nyundo, mwenye pikipiki ana haki ya kumzuia, kwani mapigo hayo hupindisha ncha ya krankishafti na kupasua sumaku za ndani. CDI nazo zisinunuliwe kwa kufananisha umbo tu. Zipo zinazotumia umeme wa koili ya kwenye sumaku na zipo zinazotumia wa betri, na visanduku vyake huweza kufanana kwa macho.

Kuhusu kemu, kwenye CG gia mbili zina alama ambazo hukutanishwa wakati wa kufunga, na zikishafungwa sawasawa hazihami. Kwa hiyo CG ikipoteza taimingi ya valvu, ulizia nani aliifungua mara ya mwisho. Kwenye injini za cheni mambo ni tofauti. Cheni hurefuka, kikazio chake hulegea, na siku moja huruka jino. Mgandamizo hushuka ghafla ingawa jana ulikuwa mzuri. Pikipiki ya cheni iliyozimika ghafla barabarani na kiki yake ikawa nyepesi isiendelee kupigwa kiki hovyo. Pistoni inaweza kugonga valvu na kuipinda.

Ringi zikiwa zimekwisha kweli

Zipo pikipiki ambazo jibu lake ni ringi na pistoni, na chanzo chake kikubwa vijijini ni vumbi. Fundi huondoa kichujio cha hewa ili injini ipumue, na kwa wiki mbili inaonekana kuwa nyepesi zaidi. Baada ya hapo kila kilometa ya barabara ya vumbi inaingiza msasa ndani ya silinda. Oili nayo ni takriban lita moja tu katika injini nzima, ikiwa nyeusi na nzito kama lami haisaidii kitu.

Hedi ikifunguliwa, ringi iingizwe peke yake ndani ya silinda na nafasi kati ya ncha zake ipimwe. Kwa injini hii ikizidi nusu milimita ringi zimekwisha. Lakini silinda yenyewe ikiwa na mikwaruzo, au ukingo unaohisika kwa ukucha pale ringi ya juu inapoishia, ringi mpya zitadumu muda mfupi tu. Hapo bloku ichongwe na pistoni kubwa ifungwe. Pistoni hizo huuzwa kwa hatua za robo milimita, kuanzia 0.25 hadi 1.00. Pistoni inunuliwe kwanza na kupelekwa kwa mchongaji pamoja na bloku, ili achonge kwa kuipima hiyo hiyo. Kuchonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye kumewaacha wengi na silinda isiyo na mwenza.

Mwenye pikipiki asione haya kudai spea za zamani zilizotolewa, wala kuomba aone geji ikisoma kabla na baada ya kazi. Wakati wa kufunga, nati za hedi zikazwe kwa mshazari na kwa awamu. Tapeti zipimwe upya, na kwa kilometa 500 za kwanza injini isibanwe mafuta hadi mwisho wala kupandishwa mlima na mzigo kamili. Baada ya hapo oili imwagwe, tapeti zipimwe tena injini ikiwa baridi, na mgandamizo upimwe mafuta yakiwa wazi. Kipimo hicho kiandikwe kwa rangi chini ya kiti, pamoja na tarehe na jina la mji kilipochukuliwa, ili fundi atakayefuata aanzie hapo.